Usilisome Jina Langu

Miaka yangu yote ya redio hapa Kolwezi, kilichonifanya nijulikane si habari wala muziki. Ni matangazo ya vifo. Mgodi ukiporomoka juu ya vijana wachimbaji, familia zilikuja studio, nami nilisoma kila jina polepole, mara mbili, kama desturi inavyotaka. Mtaa wetu wote wa Manika ulinyamaza kunisikiliza. Faida yake niliipata nilipohamia chuoni kufundisha.

Siku ya kwanza nilisoma jina la mwanafunzi wa kwanza kwenye orodha. Kwa mazoea nikalirudia, na darasa zima likaguna.

"Prof, pardon," akasema mwenye jina, "usiite mara mbili. Mi niko muzima."

"Basi nitaita mara moja, haraka haraka."

"Hata moja, tata," akasema, akiniita baba kwa heshima. "Mama akisikia sauti yako inaniita, atalia kwanza, mbele ya kuuliza."

Nikashusha bei: je, nikinong'ona? Wakakataa. Nilitaka wanione mwalimu, siyo jeneza lililovaa tai, kwa hiyo tukapatana kila mmoja ajitaje mwenyewe, mimi nisikilize tu.

Wakajitaja vizuri, hata wakaanza kucheka. Nikadhani nimeponea hapo. Kisha msichana mmoja akasimama, akataja jina lake, akabaki amesimama.

"Ni weye ulisomaka jina ya ndugu yangu, tata. Ulisoma muzuri sana. Ndiyo maana nimekuja kusoma kwako."

Walimu wenzangu husifiwa kwa vitabu walivyoandika. Nilimwambia asante, nikamwomba akae.