Makofi Katika Nyumba ya Mtu Mmoja

Mkenya mwenzangu analinda nyumba ya bosi Mwingereza hapa Al Thumama, mtaa wa nchi ya Kiarabu. Juzi mchana nilikuwa nimekaa naye langoni. Bosi alikuwa kazini, na ndani alikuwemo dada wa kazi peke yake. Ghafla tukasikia mwanamume akiimba kwa gitaa, kisha umati wa watu ukapiga makofi na miluzi.

Mlinzi akavua kofia, akaibana kifuani. Hapa, dada wa kazi akishukiwa kuingiza wanaume, anaweza kupandishwa ndege arudi kwao.

"Dada, uko na nani huko ndani?" alinong'ona mlangoni, mimi nyuma yake.

Dada akafungua, kitambaa cha vumbi mkononi. "Niko peke yangu, kaka. Ni sidii ya bosi, ya yule Mzungu wa gitaa. Walimrekodi kwa shoo, watu wakimshangilia. Ziko mbili, nimeweka moja tu."

"Zima! Jirani akiita polisi, nani ataamini hao wanaume wako ndani ya sidii?"

Ng'ambo ya ukuta, pazia la jirani likafunguka kidogo. Dada akakimbia kuzima, na sisi tukajibanza ukutani kama wezi.

Bosi aliporudi jioni, aliweka sidii ya pili, sauti juu kabisa. Makofi na miluzi vilisikika mpaka barabarani. Nililikodolea macho lile pazia. Halikutikisika.