Karavani ya Kukalisha Wageni

Muuza karavani aliniuliza swali ambalo nadhani huwauliza wateja wote: tunataka ya kulala watu wangapi? Nikamjibu kwamba kulala si tatizo, tunalala wawili na mbwa, na paka hulala anapotaka. Nilichotaka kujua ni karavani ipi inaweza kukalisha wageni wengi. Akanitazama kama mtu aliyeombwa karavani yenye mimbari.

Wakati huo tulikuwa tumeishi karibu mwaka mzima katika karavani ndogo, kwenye kambi moja kusini mwa Johannesburg. Mume wangu alikuwa amestaafu chuo kikuu, na nyumba tuliyopanga mtaa wa Bellevue ilikuwa imeuzwa kwa mtu aliyekuja na mafundi wake kuikatakata vyumba. Mume wangu akanishawishi kwamba sasa tuishi juu ya magurudumu. Tutaizunguka nchi, alisema. Tuliizunguka mara moja, tukafika Durban, mbwa akatapika njia nzima, tukarudi. Watoto wetu, ambao huelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, walisema hatutamaliza baridi moja mle ndani.

Baridi tuliimaliza, na maisha yenyewe niliyapenda. Kasoro ilikuwa nafasi. Karavani ile ilikuwa na benchi mbili na meza katikati. Benchi moja ilikaliwa na redio za mume wangu, maana ana ugonjwa wa kununua redio mbovu kwenye masoko ya Jumapili na kuzifufua, na zikishafufuka hazihami. Benchi ya pili ilikuwa ya cherehani yangu na vitambaa ninavyovitoa maduka ya jumla ya mjini. Nashona mablanketi ya viraka, na kila mtoto anayezaliwa katika ukoo wetu hupewa lake, mama yake atake asitake. Chini ya meza alilala mbwa, mzee wa watu, mkubwa kama godoro lililokunjwa. Paka alikaa juu ya cherehani kana kwamba amelipa kodi. Sisi wenyewe tulikula tukiwa tumesimama.

Hayo yote ningevumilia. Lililoniuma ni zamu.

Kila Jumamosi alasiri sisi Wakenya wachache wa kanisa letu, pamoja na Wakongo waliotuzoea, tunasali nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Kuna nyimbo, neno, maombi, halafu chai na chapati, na umbea kidogo unaopitishwa kwa jina la mahitaji ya maombi. Zamu yetu ya kwanza ilipofika baada ya kuhama, mwenyekiti wetu aliandika kwenye WhatsApp: "Wapendwa, tutakutana kwangu, tusiwasumbue ndugu zetu wa karavani." Mwenyekiti ni mama aliyestaafu unesi, na mwili wake na neno lake vyote vina uzito. Zamu ilipozunguka tena, hakuandika hata sababu. Tulirukwa tu.

Nikaanza kufungiwa chapati zilizobaki. "Mpelekee mzee," wananiambia, wakinishika bega. Mimi niliyelisha nusu ya Bellevue nilikuwa nimetolewa kwenye kundi la wenyeji nikatiwa kwenye la wahitaji. Niliona aibu, kisha nikakasirika, kisha nikaanza kutafuta karavani kubwa.

Mume wangu alikuwa na suluhisho lake. Mbwa aende kwa binti yetu Pretoria, cherehani iuzwe, na nafasi itapatikana.

"Na redio?" nikamuuliza.

"Redio ni kitu kidogo, Mama watoto."

"Moja ndiyo ndogo."

Jumamosi iliyofuata alikubali tuende kuangalia tu, kwenye uwanja mmoja wa kuuzia karavani upande wa mashariki ya mji. Jumamosi hiyo, kwenye orodha ya maombi, ilikuwa zamu yetu. Basi asubuhi na mapema, kabla mwenyekiti hajaamka, niliandika kwenye kikundi: "Wapendwa, maombi ya leo ni kwetu." Nikaweka ramani ya uwanja wa karavani. Mwenyekiti alijibu "Sawa", peke yake, bila hata ile picha ya mikono iliyofumbatana. Mume wangu hasomi kikundi. Nilimwambia watu wachache wa kanisa huenda wakapita kutushauri.

Muuzaji alikuwa Kaburu mzee mwenye kaptula na soksi ndefu, mpole sana. Nilimwachia mbwa achague. Ya kwanza ngazi yake ilikuwa juu mno, mbwa akaitazama akaketi chini. Ya pili aliinusa mlango, akanusa mbwa mwingine, akageuka. Ya tatu ilikuwa imetoka kuoshwa, imesimama katikati ya uwanja juu ya magurudumu yake mawili tu, moja kila upande. Ngazi yake ilikuwa chini na mlango wake mpana. Mbwa akapanda, akazunguka ndani, akalala sakafuni na kuvuta pumzi ndefu.

Nikachungulia. Nyuma kabisa kulikuwa na benchi iliyozunguka pande tatu, katikati jiko, na mbele, chini ya dirisha, viti viwili vizuri vyenye mito. Palikuwa na pembe iliyotosha cherehani yangu na paka wake. Moyo wangu ulishanunua.

Muuzaji alisema mbwa si neno, lakini watu tusubiri kwanza. Karavani hiyo bado haijateremshwa miguu yake ya pembeni inayoizuia isiyumbe, na yeye anakwenda ofisini kuchukua mpini wa kuiteremshia. Akaenda. Ndipo magari ya kanisa yakaingia uwanjani, vioo wazi, watu wameshaanza wimbo. "Tulikwama kwa robot, taa nyekundu haiishi," mmoja akaeleza akishuka na chupa za chai. Wakaja wakasimama mbele ya mlango, mikono imejaa mabakuli.

Hapo malezi yakaniponza. Mgeni amefika mlangoni kwangu, jua linampiga, na amebeba chakula. Mdomo wangu ulijisemea wenyewe: "Karibuni ndani, karibuni."

"Lakini muuzaji amesema..." mume wangu akaanza.

"Amesema wageni wasimame juani?"

Wakaingia. Na kwa kuwa ni watu waliolelewa, hakuna hata mmoja aliyethubutu kuvikalia vile viti viwili vya mbele. Hapo ni pa mwenyekiti, walinong'onezana, na pa mzee wa nyumba. Msusi mmoja, Mkongo wa Bukavu, alivipita akivitazama kwa huzuni. "Miye naikala huku nyuma, maman," akaniambia. "Mbele ni ya bakubwa." Wote wakajibana nyuma, kwenye benchi, kwenye mapaja, kwenye sakafu, wakisogezana na kuombana radhi. Mume wangu, kwa adabu ileile, akawafuata. Mwenyekiti alibaki nje. Alisema ataingia mwisho, wengine wakishakaa, lakini nilimwona anavyoyakagua magurudumu yetu.

Kwanza bakuli la chapati liliondoka taratibu kando ya jiko likaenda nyuma. Kisha mbwa, bado amelala, aliteleza kwa tumbo mpaka miguuni pa waimbaji. Nilishika jiko. Kupitia dirisha la mbele sikuona tena uwanja, niliona mbingu.

Nje, ule mkono wa chuma ambao gari huvutia karavani ulikuwa unapanda mbele ya macho ya mwenyekiti. Yeye ameishi na dharura maisha yake yote. Aliukamata kwa mikono miwili, akaukalia. Mbele pakashuka polepole, karavani ikatulia.

"Tokeni," akaamuru kutoka nje. "Mmoja mmoja."

Hakuna aliyetoka. "Tangulia wewe, mama." "Hapana, baba, wewe una magoti mabaya." "Wenye watoto kwanza." "Hatuna watoto leo, pita wewe." Walikuwa tayari kufa kwa adabu. Mume wangu alikuwa nyuma yao wote, ameshika bakuli la chapati. "Eish," alisema, akanitazama, na nikajua ameelewa ni nani aliyewatumia watu hawa ramani.

Mwenyekiti alisubiri, mkoba juu ya magoti, halafu akachoka. "Kama hamtoki, basi tuanze."

Tukaanza. Nilifungua dirisha la mbele ili tumsikie, naye akaongoza ibada akiwa juu ya chuma, ameipa mgongo karavani na uso ukielekea kwenye mabango ya bei. Nilimpitishia chai dirishani. Muuzaji alirudi na mpini wake, akamwona, akavua kofia. Katikati ya wimbo wa pili akapiga magoti kwenye pembe ya kwanza na kuanza kuzungusha, akaenda ya pili, mpaka miguu yote ikakanyaga chini. Akamgusa mwenyekiti begani, akamwambia kwa upole kwamba sasa mama anaweza kuinuka.

"Amina kwanza," mwenyekiti akasema, na akaimaliza sala yake bila haraka.

Kisha akapanda ile ngazi. Mimi nilisimama jikoni mwa karavani ambayo bado sijainunua, roho juu, nikingoja aniambie kwamba wiki ijayo tutakuwa kwake. Alivitazama vile viti viwili vya mbele tulivyomwekea, akavipita. Akaenda nyuma kabisa, akasema "Sogeeni," akajipenyeza kati ya msusi na mume wangu, na miguu yake akaiweka juu ya mbwa, ambaye hakujali.

"Redio zake utaziweka wapi?" akaniuliza.

"Chini ya hiyo benchi uliyokalia."

Aligonga ubao wa benchi kwa kisigino, akasikia uwazi uliomo, akaridhika. Halafu akaninyooshea kikombe chake kitupu mbele ya kanisa zima.

"Mwenyeji wetu," akasema, "mbona chai haizunguki?"

Nikaenda kumimina.