Nilimpanga kama mjane, na mumewe hajulikani alipo

Admin, ukiipandisha hii toa jina langu, maana kwetu Nyamira watu wanajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, sijaoa. Kazi yangu ni picha na sijaajiriwa na mtu. Miaka tisa nilipiga picha za matanga huku Kisii, kila wiki niko makaburini, hadi watu wa Mosocho wakanibandika jina Picha Maiti. Nikachoka. Nikajiambia nitaenda penye vita nipige picha za watu wanaoishi.

Mwaka jana nikaenda mashariki mwa Kongo. Kwenye kambi moja ya waliokimbia vita nikampata mama wa watoto watatu, nimwite Mama Neema. Alikimbia mabomu akiwa amebeba cherehani mgongoni. Chini ya turubai alikuwa anashona sare za shule, na shule yenyewe ilishachomwa. Nikamuuliza anamshonea nani. Akacheka, akasema, "Kaka, shule itafunguliwa tu. Utaona."

Yeye na mumewe walipotezana njiani. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyemwona mzima. Alikuwa na picha yake moja kwenye fremu. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikamwambia simama katikati, shika picha ya baba kifuani, watoto wajipange kwa urefu, mdogo mbele, msicheke. Mikono yangu ilifanya ilichozoea, maana kwetu ndivyo familia inavyosimama kando ya jeneza. Yeye angejuaje? Alifurahi kwamba mumewe naye ameingia kwenye picha ya familia.

Nikaiweka mtandaoni, ikasambaa. Watu wetu wa huku wakajaa kwenye maoni: pole mama, Mungu amlaze pema. Mimi mjinga nikawa nahesabu watu walioipenda. Niliporudi nyumbani nikamwonyesha mama yangu akitoka kuchuma chai. Yeye huniita tata, yaani baba, kwa sababu nimebeba jina la babake. Akaitazama sana, akauliza, "Tata, huyu bwana walimzika lini?"

Nikamwambia hajazikwa, amepotea tu.

Akanirudishia simu. "Basi wewe umemzika."

Niliifuta siku hiyo hiyo, lakini nilikuwa nimechelewa. Ndugu za yule bwana walikuwa wameshaiona huko walikokimbilia, wakasoma zile pole, wakasema mpiga picha lazima anajua kitu. Wakafanya kilio. Sasa shemeji yake Mama Neema anasema watoto ni wa ukoo, atawachukua. Nilimpigia huyo shemeji nikamweleza ukweli, kwamba sijui lolote na kosa ni langu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Unamwonea huruma mjane tu, kaka. Tumeona kwa macho yetu."

Wenzangu, sina raha. Nimefungua picha zote za safari ile, nazikuza moja moja, natafuta sura ya yule bwana nyuma ya watu. Kanisani siku ya Sabato tukiambiwa tufumbe macho tuombe, mimi nabaki nimeyakodoa, kwa sababu nikiyafumba namwona ananitazama. Naona aibu, na naogopa.

Juzi Mama Neema amenitumia ujumbe wa sauti. Hakulia wala hakunilaumu. Alisema, "Kaka, mwambie shemeji ulimwona baba Neema. Mwambie uliongea naye, yuko njiani. Mimi hawanisikii. Wewe watakuamini."

Shemeji atanipigia Jumapili kabla hajaenda kambini. Nikisema sijui, watoto wanaondoka. Nikisema nilimwona, najua yule mama atasikia, na ingawa uongo ni wake mwenyewe, ataanza kuuamini. Atamngoja mtu ambaye huenda hayupo, mpaka azeeke.

Leo ni Ijumaa. Nishaurini, niseme nilimwona?