Mbona kina Rono wamejaa Kericho na Bomet? Mimi jina langu lilitoka kwa mama mzee

Wakuu, salamu kutoka Kimulot.

Kuna kijana ameuliza hapa kama kina Rono wote ni familia moja, maanake akirusha jiwe Bomet lazima limpate Rono. Mimi ni mmoja wao. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo makosa ya kuandika mtameza. Uongo hakuna.

1962, nikiwa na miaka kumi na moja, shida zilianza. Mama yangu ni wa Kisii. Alinizaa kwao bila bwana, ndugu zake wakachoka na sisi. Tukavuka mpaka wa Wakipsigis pale Chepilat kwa miguu hadi Kimulot, akaanza kuchuna majani chai.

Hapo kulikuwa na mama mzee, tulimwita Kogo, yaani nyanya. Bwanake, Kiprono, alikufa bila kuacha kijana. Shamba iko, ng'ombe ziko, wa kurithi hakuna.

Kogo akamwoa mama yangu.

Nyinyi watu wa Nairobi tulieni, si vile mnafikiria. Ni mila ya Wakipsigis. Mama mzee asiye na kijana anaoa mwanamke kwa ng'ombe, watoto wanabeba jina la bwanake marehemu.

Ng'ombe zikaenda Kisii kwa mjomba wangu. Alizipokea haraka sana. Lakini kuitwa shemeji na mama mzee wa meno mawili, hiyo haikushuka kooni.

Mimi nikatahiriwa pamoja na vijana wa Kimulot, nikatoka nikiitwa arap Rono, mtoto wa Kiprono. Huyo baba sikumwona hata kivuli.

1973 nikapata Esther wa Roret. Wazee wakakaa kwao kwa posa, mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, ikamiminwa kwa vikombe. Mjomba pia alikuja, na koti.

Alipoambiwa mwenye boma, baba ya Esther, naye ni arap Rono, akaweka kikombe chini.

"Rono anaozea Rono? Kwetu huyo ni dada yake. Mimi sikai kwa mambo kama haya."

Baba ya Esther akasimama, uso mweusi kama mvua ya Mau. "Nitukanwe kwangu ati naoza mtoto kwa ndugu yake? Chukueni ng'ombe zenu muende."

Esther alikuwa mlango wa jikoni. Aliniangalia kama mimi ndiye nilitengeneza hilo jina. Nikajua bibi ameenda.

Kogo hakusimama hata.

"Shemeji," akasema, "huko Kisii jina ni la nani?"

"La babu, si unajua."

"Huku ni la saa. Kiprono ni mtoto amezaliwa mbuzi zikirudi jioni. Bwanangu akizaliwa, mbuzi zilikuwa zinarudi Kimulot. Baba ya huyu mzee, zilikuwa zinarudi hapa Roret. Sasa hesabu ni mbuzi ngapi zimerudi nyumbani tangu Mungu aumbe Kericho."

Akaonyesha watu wa Roret kwa kidole.

"Tunaangalia ukoo. Sisi ni watu wa nyani, hawa ni watu wa nyuki. Nyani na nyuki wamekuwa ndugu lini?"

Mjomba ni mtu wa kichwa ngumu. "Na mimi ningezaliwa huku mngeniita nani?"

Mama yangu hakuwa amefungua mdomo siku nzima. Akasema, "Wewe ulizaliwa chakula kikiiva."

Baba ya Esther alicheka mpaka akakaa chini. Mursik ikamiminwa tena, na mjomba akawa wa kwanza kunyoosha kikombe.

Kwa hivyo kijana, ukipata msichana wa jina lako usikimbie. Uliza ukoo kwanza, halafu sasa ukimbie kama ni lazima.

Leo niko na chai ekari nne, ng'ombe sita wa maziwa, nyumba ya mawe, posho mill, pickup ya kuwaka kwa kusukumwa, Esther, na kina Rono wengi wa kula ugali.

Kaburi la Kogo liko hapa nyumbani, mahali pa mwenye boma. Mtu akiniuliza baba yangu ni nani namwonyesha picha ya mama mzee wa meno mawili, halafu nanyamaza nimwangalie akihangaika.

Kina Rono wenzangu, andikeni hapa chini. Mbuzi zenu zilikuwa zinarudi wapi?