Nilihamisha TV na sofa ili nipewe PIP, kumbe wala hawaangalii kipato

Wakuu, salamu kutoka Edmonton, London. Hii si chai. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Nafanya kazi warehouse. Nyonga ya kulia imekwisha, daktari anasema arthritis. Kutoka kituo cha basi mpaka kazini nasimama mara nne. Nikawa nachelewa, supervisor akanipa final warning. Kibarua kikawa kinaota nyasi.

Nikasikia kuna PIP, hela ya serikali kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu. Ningelipia taxi.

Ila kaka mmoja wa kanisani, mjuaji balaa, akaniambia, "Wewe una payslip, na TV inchi sitini na tano. Wakikuta unajiweza, umeliwa."

Fomu alijaza binti yangu Neema, mimi nikasaini tu. Uvivu wa kusoma utaniua.

Assessor, yule anayekagua waombaji, akapanga kuja nyumbani. Asubuhi hiyo TV ikahamia kwa jirani. Sofa nayo. Wabebaji jirani na shemeji yake, mimi naelekeza kwa mkongojo kama mkandarasi.

Nikavaa suruali ya kupakia rangi. Nikamwonya mke wangu, mgeni apewe maji ya bomba basi.

Akaja mama wa kizungu, mpole. Kiti kimebaki kimoja, cha plastiki, tukampa. Mimi nikashushwa mkekani taratibu.

Akauliza kama naweza kupika. Nikamjibu, "Food itself, madam, there is none."

Akauliza soksi navaaje. Nikamwambia ninayo pair moja tu.

Mara mke wangu huyo na sinia! Chai ya maziwa, sambusa, maandazi, na vile vikombe vya harusi. Wakuu, ukioa Tanga, sahau habari ya mgeni kunywa maji matupu.

Neema naye akaingia kutoka college. "Dad, where's our telly?"

Yule mama akaweka kalamu chini. "Sir, this isn't about your income. You can have a job. I just need to know what you find difficult."

Aibu niliyoisikia! Nikataka kuinuka niombe radhi.

Sikuinuka. Nikajaribu tena, jasho likanitoka. Mke wangu akashika kulia, Neema kushoto, wakaninyanyua, na nikapiga ukelele ambao hawajawahi kuusikia kwangu. Mke wangu akaanza kulia. Miaka miwili nilikuwa namwambia nyonga haiumi sana, ni uchovu wa kazi tu.

Hapo nikasema yote. Kwamba soksi navaa nimelala chali. Kwamba wakiwa hawapo, ngazi napanda kwa makalio.

Baada ya wiki kadhaa barua ikaja. Nimepata. Kazi bado ninayo, na taxi inanifikisha kwa wakati.

Somo: PIP haiangalii mshahara wala akiba. Universal Credit, ile hela ya wenye kipato kidogo, ndiyo inaangalia, msizichanganye. Someni wenyewe, achaneni na wajuaji.

La pili linaniuma zaidi. Nilikuwa radhi kuonekana fukara mbele ya mtu nisiyemjua, kuliko kuonekana mgonjwa mbele ya mke wangu.

Waliopitia haya waseme, wengine karibuni mnicheke. Ila ukishamaliza kucheka, nenda kamwambie mwenzako wapi panakuuma.