Wakewenza na Barabara Mpya

Kwa miaka mingi Bi Mkubwa, mpishi mstaafu wa shule, alivuka barabara kila alasiri kwenda kugombana na mke mwenzake. Mume wao alikwisha kufa, lakini ugomvi wameurithi na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Wakishachoka, Bi Mdogo humsindikiza hadi kando ya barabara, wakamalizia maneno yao hapo, wakaagana.

Kisha barabara ikapanuliwa. Katikati wakajenga ukuta wa zege, na kwa anayetaka kuvuka wakaweka daraja la ngazi, refu utadhani linapeleka watu mbinguni. Aliyelichora sijui kama ana mama. Bi Mkubwa alijaribu mara moja. Kufika nusu, magoti yakagoma. Akateremka kwa makalio, watu wakimpisha. Hakurudi tena.

Akabaki kibarazani na redio yake. Mguu usiotembezwa nao husahau kazi: mwanzo alishindwa kufika dukani, baadaye getini, mwishowe hata kuinuka kitini alitaka mtu wa kumshika makwapani. Lakini kilichomuuma zaidi hayakuwa magoti. Alikuwa Bi Mdogo. Yule ni mdogo kwake kwa mbali, nguvu anazo, mbona haji?

"Amenitupa," alimwambia mwanawe. "Mke mwenza ni mke mwenza tu."

"Si umpigie simu, mama?"

"Simpigii. Miguu anayo."

Mwana akachoka kusikia. Siku moja akakodi gari, likaenda mbali kutafuta pa kugeukia, likarudi hadi upande wa pili, mkabala kabisa na walikotoka. Njia nzima Bi Mkubwa alikuwa akipanga maneno, makali yote.

Akaingizwa sebuleni ameshikiliwa. Bi Mdogo alikuwa kwenye kochi, fimbo pembeni. Alijisukuma ainuke, akarudi chini. Akajisukuma tena.

"Dada, nisamehe, siwezi kusimama kukupokea. Nilianguka kwenye ngazi zao zile, nikija kwako. Nikasema nikikwambia utanicheka."

Bi Mkubwa alitafuta tusi hata moja, hakuliona. Akaketi karibu naye, akalia kuliko alivyolia walipomzika mume wao.

"Mimi nilidhani umenitupa," akasema.

"Nikutupe niende wapi, dada? Mlangoni kwenyewe sifiki."