Mvumo Aliousikia Fundi Peke Yake

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumatano moja ya mwezi wa tano kule kijijini Ruanda, Mbozi, nilipoiwezesha spika ya mzee mmoja kuimba, kisha kwa mikono yangu mwenyewe nikainyamazisha.

Usishangae nikikuita mwanangu. Nina miaka thelathini na mbili, na mvi sina hata moja. Ila kijiweni kwetu Tunduma, nyuma ya soko, vijana tunaitana hivyo wote, mkubwa na mdogo. Mzee huyo naye aliniita hivyo, yeye akiwa na maana yake kamili, na mpaka leo nalionea haya neno hilo. Nakwambia wewe unayeanza kushika nyaya kwa sababu najua hakuna aliyekufundisha. Mimi pia sikufundishwa. Nilijifunzia kwenye simu na kwenye redio mbovu za watu, na anayejifundisha mwenyewe huwa na woga mmoja mbaya: kila akimaliza kazi, anadhani kuna mtu mahali fulani anayeicheka.

Mzee Simkonda alikuwa mkulima wa kahawa. Baba yake aliwahi kufanya kazi migodini ng'ambo ya mpaka, akarudi na redio kubwa ya sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na spika ya aina ambayo siku hizi huioni. Spika zetu zina sumaku mgongoni, ile haina. Mgongoni ina koili nene ya waya wa shaba, nayo huwa sumaku pale tu inapopewa umeme. Ukiinyima umeme wake, inanong'ona kama mgonjwa. Ukiipa umeme mzuri, mwanangu, mtu anayeimba anakuwa kama amekaa nawe chumbani.

Na mtu aliyetakiwa kuimba alikuwa Bibi Sara, mke wa mzee, aliyefariki zamani. Sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja ya kwaya ya kanisani, akiongoza wimbo. Binti yao, Mama Neema, aliihamishia kwenye simu, lakini mzee alikuwa amebakiwa na sikio moja, na sauti ya simu aliiita sauti ya kopo.

"Anasikia kidogo tu, na hicho kidogo kinaondoka," Mama Neema aliniambia mlangoni. "Mwezi wa saba ukoo wote unakuja. Wajukuu hawajawahi kumsikia bibi yao. Baba anataka wamsikie kwenye sanduku hili, na yeye akiwemo. Utaweza?"

Niliweza mchana ule ule. Nilibadilisha kapasita zilizokauka, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, nikasafisha viungo, nikaunganisha simu kwenye tundu la santuri lililo nyuma. Zile taa ndogo za ndani, tunaziita valvu, zikapata moto, na Bibi Sara akaanza kuimba. Mzee akaweka kiganja chake juu ya sanduku na sikio lake karibu na kitambaa cha spika. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akabaki tu amefumba macho.

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga mkoba wangu na kunywa chai.

Lakini chini ya wimbo nilisikia mvumo. Mdogo, kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Nikajua unatoka wapi: umeme uliokuwa ukiilisha koili haukuwa umetulia. Masikio yakaacha wimbo yakaukamata mvumo, na sikumsikia tena Bibi Sara hata kidogo.

"Mzee, kuna mvumo," nikasema kwa sauti kubwa.

"Mvumo gani?"

"Huo wa chini."

Akatega sikio. "Huo labda ni wa kwenu Tunduma, malori. Hapa kwangu hakuna."

Mama Neema akacheka mpaka akashika mlango. Nami nikacheka, kwa adabu, huku nikifungua skrubu. Nikawaomba nibebe spika na mashine yake niende nazo Tunduma, niitengenezee pawa saplai mpya, yaani kifaa cha kuilisha umeme. Mzee hakutaka. Mwishowe akasema, "Fundi ni wewe, mwanangu. Ila usikawie." Nikamjibu kwa methali, maana kila mwenye kosa hujificha nyuma ya methali: kawia ufike. Sanduku likabaki sebuleni pale, tupu, na kitambaa chake mbele.

Niliunda pawa saplai ya kwanza kwa wiki moja. Mvumo ukapungua. Nikaibomoa. Nikaunda ya pili yenye kapasita kubwa zaidi. Ukapungua tena, ila nilipoweka sikio kabisa kwenye spika, niliusikia. Nikaibomoa. Fredi, ninayeshirikiana naye meza, yeye hutengeneza chaja na redio za malori, akawa ananiangalia kama mtu anayemwangalia mlevi.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe ukipewa panga unoe, utanoa mpaka ubaki na mpini."

Mzee alipiga simu kila Jumamosi. Alikuwa hanisikii vizuri, kwa hiyo nilijifunza kusema maneno matatu tu, kwa sauti kubwa hadi wapita njia wageuke: "Bado kidogo, mzee!" Naye alijibu, "Haya, mwanangu," na kukata. Wiki ya tano hakupiga yeye, alipiga Mama Neema. "Unajua kila asubuhi anafuta vumbi kwenye lile sanduku?" akaniuliza. "Tupu hivyo hivyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, fundi." Nikamwambia bado kidogo.

Sasa sikiliza kosa langu lenyewe. Katika redio zile, umeme wa mashine nzima hupita kwanza ndani ya koili ya spika ndipo uende kwenye valvu. Mimi, kwa kusoma vipande vipande, nikaona huo ni ubahili wa watu wa kale. Kwa nini spika na valvu zigombanie sahani moja? Nikaitoa koili katika njia ile, nikaipa pawa saplai yake peke yake, safi, na zile ncha mbili za waya zilizobaki nikaziunganisha moja kwa moja. Sikujua kwamba koili ilikuwa na kazi mbili. Ilikuwa sumaku, ndiyo, lakini pia ilikuwa inaupunguza umeme ule nguvu na kuutuliza kabla haujafika kwenye valvu. Kazi ya pili haikuonekana, kwa hiyo sikuiulizia.

Ilikuwa Ijumaa, siku mbili kabla ukoo haujakutana. Nikawasha. Kwa muda mfupi sana palikuwa na ukimya niliokuwa nimeutafuta wiki zote zile: hakuna mvumo wowote. Nilitabasamu, Mungu anisamehe. Kisha ikaja harufu ya lami inayoungua, na moshi ukapanda kutoka kwenye transfoma ndogo inayopeleka sauti kwenye spika. Umeme ulifika mzima mzima, bila mtu wa kuupunguza. Transfoma ile Tunduma haipo. Hata Fredi hakunicheka.

Jumapili nilikwenda. Ningeweza kuzima simu, na nilifikiria hivyo mpaka gari lilipofika Vwawa. Watu walijaa uani, na ndani, mbele ya sanduku tupu, walikuwa wamekaa wajukuu kumi na mmoja kwenye mkeka, wamevaa nguo za kanisani, wanasubiri. Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi niliyahesabu yamekaa safu mbili. Mzee alinitazama mikono, akaona sina kitu. Hakuniuliza mbele ya watu. Akawageukia wajukuu akasema, "Bibi yenu leo kakataa kuimba. Alikuwa hivyo hivyo, ukimchelewesha anakasirika." Watoto wakacheka. Wakapelekwa kula.

Transfoma ilisukwa upya na fundi mmoja wa Mbeya, mzee mwenye foleni ndefu. Nikairudisha koili katika njia yake ya zamani, nikaongeza chujio dogo tu la umeme. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza nilipoirudisha Ruanda. Ilikuwa imetulia, safi, nzuri kuliko chochote nilichowahi kutengeneza. Nikawasha. Bibi Sara akaimba.

Mzee akaweka kiganja juu ya sanduku, na sikio karibu na kitambaa. Akangoja.

"Umewasha?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Anaimba?"

Mama Neema akatoka nje. Mimi nilifungua mdomo, na mzee akaninyooshea kidole. "Usinijibu, sitasikia. Wewe nisikilize. Siku ile ya kwanza alikuwa anaimba. Nilikuwa naye hapa. Wewe ukasikia mvumo, mimi nikamsikia mke wangu. Sasa niambie, mwanangu, kati yetu nani alikuwa na sikio bovu?" Alisema bila hasira, na ndiyo maana maneno yale hayaniishi masikioni. "Ukaniambia bado kidogo, bado kidogo. Nilidhani kazi ndiyo bado. Kumbe ni wewe ulikuwa bado."

Mama Neema alirudi, macho mekundu. Akaurudisha wimbo mwanzo, akachukua mkono wa baba yake, akawa anampigia mapigo ya wimbo kiganjani. Mzee akafumba macho, na akaanza kuimba besi yake. Alikuwa nyuma ya mkewe kwa mapigo mawili, na ufunguo wa wimbo haukuwa ule. Mimi ambaye sivumilii nyuki kwenye chupa nilisimama pale mpaka wimbo ukaisha.

Basi nasaha yangu ni hii, nami naitoa nikiwa bado mgonjwa wa ugonjwa huo huo, maana hata maneno haya nimeyafuta na kuyaandika mara nne. Mtaka yote hukosa yote. Kazi ya mtu ikimtosha mwenyewe, mwachie. Usiulize sikio lako kwanza. Uliza la yule uliyemtengenezea. Kitu kizee usikiondoe katika njia yake kabla hujajua kimebeba nini, kwa sababu kazi nyingine hazionekani mpaka aliyekuwa akizifanya atolewe. Na ukitaka kusema bado kidogo, tazama kwanza ni muda wa nani unaoutumia. Wako unaweza kuufidia. Wa mzee haurudi.

Mungu akupe mikono mitulivu, mwanangu, na moyo wa kuiacha kazi inapokuwa njema. Wanaokungoja awatunzie masikio yao, nawe akufikishe kwao wangali wanasikia.